Mbaazi za Ukuta wa Gerezani

Shikamoo, Shangazi. Hapa mjini, mtaani Gerezani, jua linaunguza, lakini mbaazi za kwenu Masasi zimenitangulia kufika. Kuna mama mmoja, Bi Somoe, kazi yake kukung'uta magunia matupu ya mbaazi yatokayo huko Masasi ili yauzwe tena. Punje zinazodondoka zimeota kando ya ukuta wa reli, zimempita kimo, na ndizo mboga yake. Leo mgambo kaja na panga.

"Mama, nani kakuruhusu kulima mjini?"

"Sijalima, baba. Zimejileta, kama wewe ulivyojileta."

Watu wakacheka. Mgambo akafyeka zote. Bi Somoe akamngoja amalize, kisha akavuta gunia jingine, akalikung'utia palepale, mbele ya buti zake.

"Na hizi utazifuata mvua zikinyesha."

Mungu akupe nguvu, Shangazi. Msimu huu panda nyingi zaidi.