Jiwe Lililonitoka Kitale

Dada Nekesa, mulembe. Huku Kitale mvua inanyesha kila alasiri.

Nilipofika kwa binti yangu, maumivu ya ubavu yalinilaza hospitalini. Ni jiwe kwenye figo. Daktari akauliza mbona sinywi maji. Nikamjibu, "Sokoni choo kiko mbali. Nikinywa, nitauza saa ngapi?" Hakunicheka. Alisema jiwe ni dogo, maji mengi yatalisukuma litoke. Jirani yangu wa kitanda, mama Mhindi mwenye duka la vitambaa, akawa ananikamulia limau kwenye kila kikombe. Jana jiwe lilitoka, nikalia kwa kupata nafuu.

Nekesa, wewe pia unashinda sokoni na kiu. Nikirudi Bungoma nitakulindia nyanya zako uende choo, nawe unilindie zangu.

Nakukumbuka sana,
Nafula