Siku Picha ya Ubongo Ilipofika Mkumbi

Mjukuu wangu Faraja,

Marahaba, mama. Sisi huku Mkumbi wazima, mibuni imechanua, na dada yako amejifungua binti.

Umeuliza, huko chuoni unakosomea kupiga picha za ubongo, kama picha peke yake humsaidia mtu.

Miaka ile ya soko huria, bibi yako alianza kuanguka kifafa. Mama yangu akasema amerogwa na Imelda, mke wa kaka yangu, akaacha hata kumsalimu. Nikampeleka bibi yako Dar es Salaam, akapigwa picha ya kichwa. Daktari akanionyesha vidoa vyeupe.

"Hawa ni watoto wa tegu, mnyoo wa nguruwe," alisema. "Dawa ipo."

Picha nilirudi nayo nyumbani. Mama aliiinua dirishani, nikamwonyesha vile vidoa na kumweleza maneno ya daktari.

"Kwa hiyo si Imelda?"

"Si yeye, mama."

Alijitanda kanga, akaenda kwa Imelda kuomba radhi. Walirudi pamoja, Imelda amebeba kuni za kumpikia mgonjwa.

Dawa ilichukua miaka kumtuliza bibi yako. Wale wawili walipatana siku hiyohiyo.

Bibi anakusalimu kutoka shambani.

Babu yako