Simu ya Asma, Miguu ya Mama

Mpendwa mshauri,

Amahoro, amani kwako. Naomba musaada wako, mimi ni Sikuzani wa hapa Rumonge, sikusoma, kuna mutu ananiandikia, utanivumilia. Niko na binti yangu Asma, ana miaka kumi na tatu, ni munene mpaka anahema akivuka uwanja tu, na mimi nilikuwa nafurahi, maana katika vita hii mutoto munene ni sifa ya mama, watu wanaona kwako chakula iko, lakini ile siku risasi zililia tukakimbia wote kuelekea musitu wa Kigwena, Asma akakaa chini katikati ya barabara akasema, "Mama, nendeni tu, mimi nimechoka," na tangu hapo sina raha. Shemeji yangu Tahiri ni muganga Bujumbura, akamutumia Asma simu, kila asubuhi anamuandikia mesaji, leo tembea, leo kula majani ya lengalenga na visamaki vya ndagala vya kuchemsha, mawese punguza, na mutoto amujibu alivyofanya. Sasa rezo ya simu kwetu nyumbani haifiki, inashika kule juu kilimani tu, kwenye mashine ya kukamua mawese, na Tahiri alijua, alitaka mutoto apande. Lakini mshauri, ni vita, nimutume mutoto kilimani? Basi napanda mimi na simu, Amuri wa mashine ananisomea, namuambia ajibu, "Nimetembea, baba mudogo, nimekula majani," kisha nashuka, namukuta Asma kwenye mukeka na mandazi nilizomukaangia kwa huruma. Sasa nguo zinanianguka, majirani wananicheka, "Mama Asma, umekuwa ndagala!" na Asma mwenyewe anauliza, "Kwani baba mudogo anaandikia mimi ao wewe?" Tahiri anakuja Idi, na yale majibu yamemufurahisha sana. Nifanye nini? Nimufiche mutoto?

Sikuzani, Rumonge

Mama Asma,

Umfiche wapi, na umeshaeleza mwenyewe alivyo mnene? Hongera kwa kiuno kipya. Dawa ya shemeji yako ni nzuri kabisa, ila umeinywa wewe.

Hofu yako siichezei. Nani kwenye ufuko huu wa ziwa hajakimbia akivuta mkono wa mtoto? Lakini unamkinga Asma na vita, huku unamnyima miguu ya kuikimbia.

Hiyo njia unayopanda, si wanawake wa mashine wanapita pamoja asubuhi? Asma aende nanyi, simu mkononi mwake, asome mwenyewe na ajibu mwenyewe, hata kama jibu ni "leo nimekula mandazi". Siku watu wakisema njia si nzuri, bakini wote, aruke kamba uani. Akihema, mngojeni, na yeyote atakayemcheka umrudishe nyumbani. Wala usimpikie majani peke yake kama mgonjwa! Sufuria moja, nyumba nzima. Kumshindisha njaa pia hapana, bado anakua.

Tahiri umpigie kabla ya Idi, umwambie kwa mdomo wako, usimtume Amuri. Atagomba kidogo, kisha atacheka. Akija, ampime mtoto pumzi na moyo.

Risasi zikilia tena, hutaweza kumbeba Asma, hata kwa hiyo miguu yako mipya. Kesho asubuhi mpe simu yake.