Maabara ya Saa Saba

Shangazi yangu Zuwena, huko Unguja walikokurudisha,

Salamu zitangulie, lakini sitajifanya nimetulia. Nina hasira, na sehemu kubwa ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Unakumbuka nilipopewa cheo pale shuleni? Afisa wa usawa wa kijinsia! Ulipika biriani katika chumba chetu cha Satwa, hapa Dubai, ukawaalika hadi mafundi cherehani wa chini, ukawatangazia kwamba mtoto wa kaka yako ndiye atakayehakikisha wasichana wanapata kila wanachopata wavulana. Wewe ulikuwa mhudumu wa basi la wasichana la shule hiyohiyo. Nilitembea nimevimba kichwa wiki nzima.

Kazi yenyewe nikaifanya kwa kalamu. Nilifungua ratiba: wavulana vipindi viwili vya maabara kwa wiki, wasichana viwili. Nikasaini kwamba wako sawa. Siku moja tukila ukaniambia, "Mwanangu, maabara yao inaanza saa saba, na basi langu linaondoka saa saba na robo. Njoo upande basi ujionee."

Nikakujibu kwa kiburi, "Shangazi, ratiba nimeikagua mwenyewe." Ukaniongeza mchuzi tu.

Robo saa! Wanavaa makoti, wanawasha taa ya spiriti, honi inalia. Wavulana basi lao huondoka saa nane, kwa hiyo wao humaliza majaribio yao yote. Ndivyo walivyozoea pale, wasichana watangulie nyumbani, na hakuna aliyeona aibu. Nilisaini hivyo miaka mitatu.

Kisha ukafanya nilichopaswa kufanya mimi. Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo, ulimwambia dereva azime injini, ukasimama mlangoni mwa basi mpaka wasichana wamalize. Msimamizi wa usafiri akaja mbio, "Yalla, yalla, twendeni!" nawe ukamjibu, "Watoto wanasoma." Kwa hilo wakakufuta kazi, na viza ikaenda na kazi. Wiki hiyohiyo ripoti yangu ya usawa ikasifiwa kikaoni, nami nikapiga makofi pamoja nao.

Jana mkuu wa shule aliniletea ripoti ya mwaka huu. "Ni kama ya mwaka jana. Khalas, yamekwisha, saini tu."

Nikamwambia sisaini mpaka basi la wasichana nalo liondoke saa nane. Akasema barabara zinachimbwa kwa ajili ya reli ya metro, wazazi hawataki binti zao wachelewe.

"Sir, kwani za wavulana hazichimbwi?"

Akaniuliza kwa ukali ni nani aliyenijaza maneno haya. Nikamtajia jina lako, Shangazi, lote, pamoja na la babu.

Hakulikumbuka.

Nikaliandika jina lako kwenye ripoti, pale palipotakiwa saini yangu, nikaipeleka kwa bodi ya shule hivyo hivyo. Viza yangu iko mikononi mwao. Wakiifuta nitakuja huko, na safari hii ukisema nitakusikiliza.

Anayekutaka radhi,
mtoto wa kaka yako