Karatasi Iliyopungua Kashani

Baba yangu,

Tangu ulipotangulia mbele ya haki nimekusomea, nimekuombea, nimekuja kukaa karibu na kaburi lako nikang'oa majani yasiyo na kosa. Kukuandikia sijawahi. Leo naandika kwa sababu wiki hii jina lako liliandikwa na mtu mwingine, na nilipolisoma nilipandwa na hasira mpaka nikaiacha chai ipoe.

Nikueleze kwanza tulivyo. Karakana yako, hapa Langoni chini ya nyumba, sasa ni studio ya ubunifu. Tuliianzisha mimi na Swabra, binti wa shangazi, yule uliyekuwa ukimwita Bi. Kelele, na jina bado linamfaa. Tunachora nembo, mabango, kadi za harusi na vitambaa vya hoteli. Mahali palipokuwa na mbao zako pana meza na kompyuta. Misumari uliyokuwa ukitundikia misumeno sikuing'oa; mimi hutundika mkoba wangu hapo.

Wa tatu wetu anaitwa Musyoka. Ni Mkamba, mtu mzima mwenye mvi, mpole wa maneno, ambaye zamani alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya serikali. Swabra ndiye aliyemleta, miezi mitatu iliyopita. Mimi nilimkubali kwa sababu ya mkono wake, moyo ulibaki nyuma. Unajua sisi watu wa Amu, hapa Lamu, tulivyo na watu wa ramani. Akionekana mmoja tu mtaani na karatasi iliyokunjwa, kila nyumba inaanza kutafuta hati za shamba la babu. Siku yake ya kwanza aliniuliza, "Wewe ndiye Rukia wa Fundi?" Nikamjibu, "Ndiye," nikageukia kompyuta yangu. Nilijua anachimba kitu.

Sasa imetokea hoteli moja ya Ras Kitau inataka tuwafanyie kazi yote, tangu kibao cha gatini mpaka vitambaa vya mezani. Lakini wenyewe walitaka kwanza tovuti yetu iwe na ukurasa unaoeleza sisi ni akina nani, tumetoka wapi, nani alitufundisha. Wageni wa siku hizi hawanunui mchoro mtupu, wanataka na ukoo wake. Basi kila mtu akaandika yake. Swabra alijaza ukurasa mzima kwa diploma yake ya Mombasa, nikampunguza. Mimi niliandika: "Rukia alifundishwa kuchora na baba yake, fundi wa milango, ndani ya karakana hii hii." Kisha nikafungua ya Musyoka. Ilikuwa sentensi moja. "Nilijifunza nakshi kwa Fundi Athmani wa Langoni, jioni baada ya kazi, kwa miaka miwili."

Fundi Athmani wa Langoni ni wewe. Hakuna mwingine.

Niliisoma mara tatu, baba. Mimi nimekulia juu ya maranda ya mbao zako na huyu mtu sijapata kumwona humo. Halafu wewe, wewe ninayekujua, umfundishe mtu wa ofisi ya serikali? Hukuwa ukimwamini hata muuza maziwa. Nakumbuka tulivyokuwa tukikaa alasiri, wewe umetandaza karatasi ya khaki sakafuni, mimi na sindano natoboa tundu juu ya mistari yako. Kisha unailaza karatasi juu ya ubao, unapapasa unga wa makaa kwa kitambaa, ukiinua, ua liko pale kwa vitone. Na siku zote ulichora nusu tu. Nusu ya pili uliipata kwa kugeuza ile ile karatasi upande wa pili, pande mbili zikakutana katikati bila kukosea. Mtu asiyejua akiiona karatasi yako angedhani imechanika. Ulifurahi sana kwa hilo. Ukisikia nyayo ulininong'oneza, "Akipita mtu ndiani, geuza karatasi." Nami nageuza haraka, mgeni anabaki kutazama maandishi yako ya mgongoni, maana nyuma ya kila karatasi uliandika ni ya mlango gani na nyumba ya nani. Uliandika kwa herufi za Kiarabu ulizofunzwa chuo cha Kurani, kwa kuwa nyingine hukuzijua. Kushuku nimekurithi wewe, usinilaumu.

Na kuna jambo lililokuwa likinikereketa tangu arubaini yako. Tulipofungua kasha la karatasi, zote zilikuwamo isipokuwa moja, ile ya waridi kubwa uliyoianza mwaka niliokwenda skuli ya bweni Mombasa. Nilikuwa nimekuuliza habari zake ukiwa mgonjwa ukasema, "Ilikwenda." Sikupata zaidi. Sasa nikajumlisha mwenyewe. Mtu wa ramani, jina lako mdomoni, karatasi haipo. Nikasema huyu aliingia humu siku moja wewe ukiwa msikitini akatoka na kitu.

Nikamtega. Nilichukua karatasi yako mojawapo, ya ukanda wa majani, nikampa asubuhi nikasema hoteli wanataka hii juu ya kibao. Sikumwambia kwamba ni nusu. Nilijua mwongo ataichora kama alivyoiona, nami nitamwonyesha mlango. Alasiri akanirudishia kazi. Ilikuwa imekamilika pande zote mbili, imegeuzwa pale pale unapogeuzia wewe, na katikati ameacha ule uwazi wa upana wa kidole uliokuwa ukiuacha ili patasi ipumue. Hata mimi husahau kuuacha.

Ungedhani nilitulia. Sikutulia hata kidogo. Angeshindwa ningemwita mwongo, na kwa kuwa ameweza nikamwita mwizi. Swabra nilipomweleza aliniangalia akasema, "Rukia, sasa huyu maskini afanye nini ili umwamini?" Nikamwambia asiniingilie. Nikaifuta sentensi ya Musyoka kwenye ukurasa, nikaacha jina lake tupu, bila asili wala mwalimu.

Kesho yake aliona. Hakupandisha sauti. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Umenitoa," akasema.

"Nimetoa kitu nisichokuwa na hakika nacho. Karatasi za baba uliziona wapi?"

"Mikononi mwake. Mimi nilikuwa nashika makaa, yeye anashika karatasi."

"Mwaka gani? Mbona mimi sikukuona?"

"Ulikuwa Mombasa, shuleni. Ukija likizo nilikuwa siendi, alasiri zilikuwa zenu. Alikuwa anakutaja kila siku. Rukia angeona hii, Rukia angetoboa tundu ndogo kuliko zako." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nachoka kukusikia."

Hapo ningetosheka, lakini ulimi wangu haukujua kusimama. Nikamuuliza kama aliwahi kuondoka na karatasi ya baba. Akajibu bila kusita, "Moja. Aliniachia nilipohamishwa kwenda Mombasa. Iko kwangu ukutani."

Nilivaa buibui palepale nikamwambia anipeleke. Swabra akatufuata, nadhani aliogopa nitamfanyia mtu fujo nyumbani kwake. Mchana huo wa jua kali tulipanda vichochoro sote watatu, na mimi njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumfukuza.

Nyumba yake ni chumba na sebule. Sebuleni kuna msalaba mdogo juu ya mlango, na ukuta wa pili, mahali pa heshima kabisa, fremu nzuri ya kioo. Ndani ya fremu ilikuwa karatasi ya khaki. Upande uliotazama nje haukuwa na mchoro, ulikuwa na mwandiko wako.

"Hii ni dua ya safari," Musyoka akasema. "Nilikwenda kumuaga nikakuta karakana imefungwa. Mwenye duka jirani akanipa hii, akasema Fundi amesema uende nayo Mombasa. Nikaona Kiarabu, kirefu kuliko cha karatasi nyingine, nikajua ni dua. Mimi si Mwislamu, lakini dua ya mtu mwema huitupi. Nimehama nayo miji mitano."

Nikasogea karibu na kioo. Herufi zilikuwa za Kiarabu. Maneno yalikuwa Kiswahili cha kwetu. Nikayasoma kimya, kisha Swabra akaniomba nisome kwa sauti, nikasoma.

"Rukia mwanangu. Nusu hii ni yangu. Nusu ya pili usigeuze karatasi, ifanye weye kwa mkono wako, vyovyote upendavyo. Ukiya likizo niletea."

Musyoka alishika kichwa. Alikaa kitini akawa anasema, "Jamani. Jamani. Ilikuwa ya kupelekwa." Swabra akamshika bega. Mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa nimerudi likizo ile.

Unaikumbuka? Nilishuka na sanduku langu la bati, ukanipokea mlangoni, ukanitazama mikono. "Hukuniletea kitu?" ukauliza. Mimi nikashangaa. Mtoto wa skuli, nauli yenyewe ya kubana, baba yangu anadai zawadi kama mgeni wa harusi. Nikafungua sanduku nikakupa pakiti ya biskuti iliyobaki safarini. Ukaipokea kwa mikono miwili. Ukasema, "Ahsante, mwanangu," ukaingia nayo karakanani. Tangu siku ile hukuniita tena kwenye karatasi. Nilingoja alasiri ya kwanza, ya pili, likizo ikaisha. Nikasema basi, nimekuwa mkubwa, baba hataki tena mtoto wa kike humo, au nimemuudhi kwa biskuti zake. Nikakushuku, baba. Nimeishi nikishuku kwamba ulinipenda nikiwa mdogo tu. Kumbe na wewe ulikuwa ukinishuku mimi, kwamba niliipata karatasi yako nikaidharau. Tuliishi nyumba moja miaka yote ile, kila mmoja amegeuza karatasi yake asionwe.

Mbona hukuniuliza? Neno moja tu lingetosha. Ungeuliza, "Karatasi iko wapi?" Nimekaa na swali hili siku nne sasa na ninakasirika nalo, kisha nakumbuka kwamba hata mimi sikukuuliza kwa nini huniiti. Hilo nalo nimelirithi kwako.

Musyoka alitaka kunipa karatasi pamoja na fremu yake. Niliitoa tu karatasi, fremu nikamwachia, maana ukuta wake ulibaki na alama nyeupe ya kusikitisha. Nimemwahidi kitu cha kuweka hapo. Nikamwomba radhi mbele ya Swabra. Akasema, "Fundi angekuwa hai angecheka." Nikamwambia humjui vizuri basi, angelia kwanza. Akafikiri, akakubali.

Sentensi yake nimeirudisha tovutini kama alivyoiandika. Shida imekuwa ni yangu. Nimeisoma tena ile niliyojiandikia, kwamba nilifundishwa na baba yangu ndani ya karakana hii hii, na sasa ni mimi ninayeshukiwa. Miaka kumi na minne nilikuwa nayo nilipoondoka kwenye karatasi zako. Yule uliyemaliza naye ni Musyoka. Nani kati yetu alikuwa akijipamba na asili isiyo yake? Swabra anasema nisijitese, wateja hawajali. Lakini mimi najali, na wewe ungejali. Nimeifuta. Hoteli wanataka ukurasa kesho na mahali pangu pako wazi.

Naogopa hata kukwambia lililobaki. Jana alasiri nilitandaza karatasi yako sakafuni, kwenye kona ile ile. Upande wako waridi limefunguka, majani yamelala kama ulivyoyalaza. Upande wa pili khaki tupu, imekuwa rangi ya chai kwa miaka. Mkono ulitaka kugeuza tu. Ingekuwa rahisi, na ingependeza. Nikakumbuka ulivyosema nisigeuze. Nikachora. Nimefuta mara nyingi, karatasi imechakaa mahali pawili, na Musyoka alipopita nilijikuta nimeifunika kwa kiganja. Kisha nikaondoa kiganja. Alisimama akatazama, akasema, "Haifanani na yake." Nikasema ndiyo, haifanani.

Yangu ina mwiba. Yako haina. Zinakutana katikati, na nimeacha uwazi wa upana wa kidole.

Kuhusu ukurasa, nimeandika maneno haya, uyakatae kama huyapendi: "Rukia alianzishwa kuchora na baba yake. Nusu ya pili anajifunza sasa." Ijumaa baada ya swala nitakuja kaburini. Musyoka ameomba anisindikize, atasimama nje ya ukuta wa makaburi. Safari hii ukitazama mikono yangu, sitakupa biskuti.

Lala salama, baba. Nisamehe, nami nimekusamehe.

Ni mimi, bintiyo aliyechelewa,
Rukia