Filamu ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekupunguzia maumivu. Shemeji hajambo? Na wale wajukuu pacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Mimi mwili haujambo, ila vidole vinauma kwa pini, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Nilikwambia kwenye simu kwamba nimepata kazi ya kushona mavazi ya filamu ya Baba. Ukauliza kama watu wa siku hizi bado wanamkumbuka. Wanamkumbuka, Dada. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanapiga gitaa kwa mtindo wake, na mwongozaji wa filamu, mama mmoja mwenye sauti kali na moyo laini, anasema hajasikia mtu aliyetunga kama yeye. Wameijenga nyumba yetu ndani ya ghala la zamani la saruji. Sebule ipo, jiko lipo, hata ule ukuta Baba alioujaza nyimbo kwa mkaa zile wiki ambazo hakuwa akilala. Siku ya kwanza niliingia nikatoka mbio, nikajidai nimesahau mkasi.

Anayenitisha zaidi ni mwigizaji. Amejikondesha makusudi, na hataki kuitwa kwa jina lake mpaka kazi iishe. Namshonea koti la kahawia kama lile la Baba, na nikimpima mabega anapumua kwa pua vilevile, fii, fii, kama Baba alivyopumua kabla ya kuvunja kitu. Sijui amejifunzia wapi. Nimejichoma pini mpaka vidole vimekuwa kama chujio. Nyumbani nimeanza kufunga komeo hata mchana kweupe. Jirani ananitania kwamba nimeficha mchumba.

Jumatatu wakanipa muswada niusome, ili nijue nguo za kila onyesho. Nilipofika ile siku Baba alipochukuliwa, nikakuta ni wewe. Msichana wa miaka kumi na mitano, amenuna kwa kukatazwa kwenda dansini, anakwenda kumwita muuguzi wa jirani, kisha anawafungulia geti wale wanaume wanne wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Yaani ni kama Mama alivyosimulia maisha yake yote. Na mimi ndiye niliyetia sahihi kwa niaba ya familia kwamba habari zote ni za kweli. Nilitia bila kusoma.

Jana asubuhi nilikuwa namkunjia mwigizaji pindo la mkono wa koti. Tulikuwa wawili tu katika chumba cha mavazi. Akanishika kiganja, wala hakukaza, akaniangalia kwenye kioo, akasema kwa sauti ileile:

"Mwanangu, nani aliwaita wale watu?"

Dada, mimi mwenye miaka hamsini na moja, papo hapo nikawa na tisa.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Usinipige."

Masikini, yule mtu aliogopa kuliko mimi. Akavua koti, akaniketisha, akaniomba radhi mara kumi. Alikuwa anafanyia mazoezi maneno yake tu.

Ndiyo, Dada. Ni mimi. Wewe ulikuwa umetumwa dukani. Baba alikuwa amejifungia jikoni na Mama, kisu mkononi, akidai pumzi za Mama zinamharibia wimbo. Nikapenya dirisha la chooni, nikakimbia peku kwa muuguzi, kisha nikajificha uvunguni mwa kitanda chake. Uliporudi uliwakuta wale wanaume getini, ukawafungulia kwa sababu walikuomba. Mama akachungulia dirishani, akakuona wewe. Baba alipofia kule hospitali miezi saba baadaye, Mama akasema aliyewaita ndiye aliyemuua mumewe, akakupeleka kwa shangazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekushikia begi. Nilifunga mdomo. Kwanza nilimwogopa Mama. Mama alipofariki, nikakuogopa wewe.

Leo nimemweleza mwongozaji yote. Nilitegemea atafoka. Badala yake akasema kwamba mwaka jana mwandishi wao alifika kwako kukuuliza habari hiyo, na wewe ukamjibu: "Andika ni mimi. Yule mwingine alikuwa mtoto." Walidhani ni maneno ya mtu aliyechoka, wakaandika hivyohivyo.

Kumbe ulijua. Tangu lini, Dada? Uliponunua viatu vyangu vya shule kwa mshahara wako wa kwanza, ulikuwa unajua? Uliponilelea wanangu nilipolazwa, je? Mama alikugeuzia mgongo mpaka anakufa, na miaka yote hii arobaini na miwili wewe hukuninyooshea kidole hata mara moja. Ningejua nilie vipi, ningelia.

Alhamisi wanapiga ile sehemu, na imeandikwa upya. Atakayekimbia kwa muuguzi ni mtoto wa miaka tisa, na gauni lake nimeshalikata. Naogopa, Dada. Naogopa simu yako itakapolia, na naogopa zaidi isipolia. Kama una matusi, nitukane. Nitakaa kimya nisikilize yote. Ila piga.

Msalimie sana shemeji, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Kitinda