Dhahabu ya Mama Uliyoiita Yako

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Hilo neno "mpendwa" limetoka kwa mazoea ya mkono, usilitie maanani. Hali yako siulizi, picha zako za hotelini tunaziona. Sisi tunapumua. Presha ya mama ilipanda, ikashuka, sasa imepanda tena.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kodi, mwanamke na mwanamume, pamoja na polisi. Nilikuwa nafua. Wakasema wamefuata vito vya dhahabu vya mwenye duka la vipuri. Nikacheka. "Huyo hana hata pete ya bati," nikawaambia. Mwanamke akanionyesha sahihi yako. Kumbe kabla hujapanda ndege uliwaandikia kwamba dhahabu iliyo kabatini kwa mama ni mali yako, na usipolipa kodi waichukue. Kwa ahadi hiyo duka lako halikufungwa, wewe ukaondoka zako.

Mama alipomwona polisi akitaja jina lako, alidhani umepata ajali huko. Akawapa funguo za kabati bila kuuliza. Wakabeba mkufu, hereni na bangili zote. Aliyewafungulia ni yeye mwenyewe, kaka, kwa hofu juu yako.

Niliacha cherehani, nguo za wateja zikalala, nikampeleka ofisi ya kodi. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi akikumbatia picha ya harusi yake, ile ya sebuleni, pamoja na fremu na kioo chake. Amevaa vito vyote humo, na wewe hujazaliwa.

Afisa alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionikera. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, naona ni vyenyewe. Lakini mwanao ametia sahihi kwamba ni vyake. Ukisema ni vyako, nitaandika kwamba alidanganya, na hiyo ni kesi."

"Na nikisema ni vyake?"

"Vitapigwa mnada."

Mama akanitazama. Nilitamani nimjibie, ila hakuniuliza mimi. Akafuta kioo cha picha kwa kiganja, tena na tena, kisha akasema, "Ni vyangu. Mwanangu amesema uongo."

Afisa akamwomba arudie ili aandike. Akarudia.

Sijawahi kumsikia mama akikusema vibaya. Hata ulipouza pikipiki ya baba akiwa bado hospitalini, alikutetea. Siku hiyo, tulipofika kwenye ngazi, aliketi chini akalia kwa sauti. Waliopita wakampa pole, wakidhani amefiwa.

Vito vimerudi. Aliniambia nichukue, hataki kuviona. Nimekataa. Vimo kwenye mfuko wa plastiki juu ya friji kama dawa za panya.

Sasa hili la Alhamisi. Ulimpigia simu, ukamwambia aende akafute maneno yake, aseme amezeeka na kumbukumbu zimempotea. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilikuwa jikoni. Huna haya? Ulitaka dhahabu yake, ukaikosa, sasa unataka na akili yake? Akakujibu kwamba atafikiria. Mimi sina la kufikiria. Nikiitwa mahakamani nitakwenda, tena nitashona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo.

Shangazi anakusalimu sana, kwa kuwa hajui lolote. Mpangaji wa chumba cha nyuma naye anakusalimu, anauliza kama huko kuna kazi.

Nilimuuliza mama kama ana salamu za kukuletea. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua, nikadhani hakunisikia. Kisha akaweka sinia chini.

"Mwandikie kwamba nimeshafikiria," akasema. "Sijasahau kitu."

Mungu akulinde njiani utakapokuja kujibu kesi.

Mdogo wako, anayekupenda bado, kwa shida.